Vidole vyangu ni vifupi, au gitaa ndilo lenye tatizo?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 39, ni fundi cherehani hapa Mbagala, na Jumapili nasaidia kwaya ya watoto. Mwezi wa saba nilinunua gitaa la mtumba Kariakoo. Muuzaji aliniwekea nyuzi mpya, zote sita za chuma, akasema zinalia zaidi. Kichwa cha gitaa kina matundu mawili marefu na mpini ni mpana. Najifunza kwa simu, kila siku kama saa nzima nikishafunga kazi. Hii ni wiki ya saba, vidole vinauma mpaka nashindwa kushika sindano, na kodi ya F (ule mshiko wa nyuzi kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) imekataa kabisa. Nikityuni kwa simu nyuzi zote zinakubali, ila nikishika kodi gitaa linalia ovyo. Kijana anayepiga kanisani anasema vidole vyangu ni vifupi na umri umenitupa, kwamba nivizamishe kwenye siki viwe vigumu au nihamie kinanda. Siku hizi usiku naamka kidole gumba na viwili vya jirani vimekufa ganzi. Je, niache? Na nisipoacha, nitaweza kuwapigia watoto hata wimbo mmoja Krismasi?"*

Marahaba, dada yangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikasimama mahali ambapo nadhani wewe ulipita haraka: kichwa kina matundu mawili marefu, mpini ni mpana, na nyuzi zote sita ni za chuma. Sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Unajiuliza kama vidole vyako vina kasoro, nami kwa maelezo hayo naona unapambana na gitaa lililovalishwa nyuzi zisizo zake. Hata mtu aliyepiga miaka 20 angeumia kwenye gitaa hilo. Ile ganzi ya usiku ni jambo la peke yake, nitalifikia, na naomba usiliruke.

Magitaa yasiyo ya umeme yako ya aina mbili, na yakitundikwa pamoja dukani yanafanana kama ndugu. Kuna la klasiki, ambalo kichwa chake kina matundu mawili marefu, na nyuzi zake hufungwa fundo kwenye daraja, yaani ule ubao mdogo uliogundishwa usoni mwa gitaa chini ya tundu la sauti. Hilo limetengenezwa kwa ajili ya nailoni. Kuna na la nyuzi za chuma, ambalo kwa kawaida kichwa chake ni kizima, na kila uzi hushikiliwa na pini ndogo iliyochomekwa darajani. Wewe una futi ya kazini, basi pima upana wa mpini pale unapokutana na kichwa. Ukipata kama sentimita 5.2, ni la klasiki. La chuma huwa karibu sentimita 4.3.

Angalia jambo moja kabla hujamhukumu muuzaji. Hata kwenye seti ya nailoni, zile nyuzi tatu nene zimezungushiwa waya mwembamba na zinang'aa kama chuma. Kinachotoa ushahidi ni zile tatu nyembamba. Zikiwa laini na zinapitisha mwanga kama uzi wa kuvulia samaki, hiyo ni nailoni. Zikiwa waya mtupu, na mwishoni kuna vishanga vidogo vya shaba, umewekewa chuma. Kwa ulivyoandika, sina shaka sana kwamba ni chuma.

Sasa tuone kwa nini hilo ni tatizo. Seti ya nailoni ikityuniwa sawasawa inauvuta mpini kwa nguvu ya karibu kilo 40. Seti ya chuma, kutegemea unene wake, inavuta kama kilo 60 hadi 75. Ni kama umelitundikia gitaa lako karibu nusu mfuko wa saruji, au zaidi, juu ya mzigo lililoumbwa kuubeba, usiku na mchana, tangu mwezi wa saba. Gitaa la klasiki lina uso mwembamba, vijiti vyake vya ndani ni vyepesi, na mpini wake kwa kawaida hauna ile nondo ya ndani ambayo fundi huikaza kuunyoosha. Likivutwa kupita kiasi, mpini unapinda kidogo kuja mbele, daraja linainuka, na tumbo la gitaa linavimba. Hayo yote matatu yanazaa kitu kimoja: nyuzi zinaondoka juu, mbali na vidole vyako.

Pima na hilo, kabla hujalegeza chochote. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Hesabu freti, vile vyuma vinavyokatiza mpini, mpaka ya 12, kisha pachika kadi zilizopangana chini ya uzi mnene kabisa, juu ya chuma hicho. Gitaa la chuma lililo sawa linapitisha kadi tatu hivi. La nailoni linapitisha tano, na hilo si kosa, maana nailoni ni laini na inahitaji nafasi ya kutikisika. Kama kwako zinapita sita au saba, tena chini ya chuma, umeshapata kinachokuumiza. Halafu bonyeza kila uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, utazame uwazi uliobaki juu ya freti ya 1. Unapaswa kuwa mdogo sana, kama unene wa karatasi moja au mbili. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, mifereji ya kile kijiti cha juu kinachotenganisha nyuzi haijachongwa vya kutosha. Magitaa ya bei nafuu mengi hutoka kiwandani hivyo, hata kabla ya kuharibiwa na mtu.

Hapo ndipo F inapoingia. Fikiria kamba ya kuanikia nguo uani kwako. Ukiibonyeza katikati, inashuka kwa kidole kimoja. Ukiibonyeza shubiri moja kutoka kwenye nguzo, inakataa. Freti ya 1 iko jirani na nguzo, na F inakutaka ulaze kidole kizima cha shahada hapo hapo, penye ugumu kuliko sehemu yote ya mpini. Jaribu umbo lile lile la F kwenye freti ya 5. Litakuwa rahisi zaidi, ingawa mkono ni ule ule na kidole ni kile kile. Nimewaona watu wengi wakitokwa na machozi kwa F, na wengi wao shida ilikuwa milimita moja ya kijiti cha juu ambayo fundi angeichonga kwa dakika chache.

Na ile hali ya gitaa kukubali kwenye simu kisha kulia ovyo kwenye kodi inatoka pale pale. Uzi ukiwa juu, unapoubonyeza unausafirisha mbali, na kadiri unavyousafirisha ndivyo unavyouvuta na sauti yake inapanda. Nyuzi sita zinapanda kila mmoja kwa kiasi chake, basi kodi inachacha. Tena daraja la klasiki halijapangwa kwa ajili ya chuma, kwa hiyo hata likishushwa, chuma hakitakaa sawa juu yake mpini mzima. Masikio yako hayana tatizo. Umesikia kosa lililopo kweli, na mtu asiye na sikio asingelisikia.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo jioni. Legeza nyuzi zote sita, kidogo kidogo kwa zamu, mpaka zilale. Kisha chukua kipande cha karatasi ukijaribu kukisukuma chini ya daraja, upande wa nyuma unaotazama mwisho wa gitaa. Kikiingia, gundi imeanza kuachia. Usimwage supaglu hapo, nakuomba. Ile gundi ikishaingia kwenye mbao, fundi atakayekuja kulibandika vizuri atalazimika kukwangua kwanza, na wakati mwingine anaondoka na mbao. Kazi hiyo inataka gundi ya mbao na kibano cha kubana mpaka ikauke. Karatasi isipoingia, una bahati: nunua seti ya nailoni, uombe nyuzi za gitaa la klasiki za mkazo wa kawaida, na umpelekee fundi wa magitaa, si seremala wa vitanda, akishushe kijiti cha chini, kile cha darajani kinachobeba nyuzi, na kuchonga mifereji ya kijiti cha juu. Mwambie kwa maneno haya: "Nataka zishuke mpaka kadi tano upande mnene na nne upande mwembamba." Atajua anazungumza na mtu aliyepima.

Nailoni mpya itakusumbua siku tatu mpaka wiki nzima, kwa sababu inaendelea kurefuka. Utatyuni asubuhi, jioni utakuta imeshuka. Tyuni tena bila kuogopa. Na ukifuata simu, hakikisha hujapitiliza kwenda sauti ya juu yenye herufi ile ile. Uzi wa 6 ni E ya chini kabisa, mtetemo wa kama 82 kwa sekunde, na uzi wa 1 ni E nyingine, kama 330. Nyuzi nyingi za wanafunzi hukatikia hapo: mtu anakaza akiifuata herufi, na herufi hiyo ameshaipita.

Kuhusu hali yetu ya pwani, neno moja tu. Unyevu wa Dar huvimbisha mbao, na wakati wa masika hata gitaa zuri linainua nyuzi kidogo. Usiliegemeze kwenye ukuta unaotoa unyevu, na usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani. Mwanafunzi wangu mmoja alishuka mara moja tu kufuata karatasi ofisini Posta, akachelewa, aliporudi daraja lilikuwa limebanduka lenyewe kwa joto.

Turudi kwenye vidole. Ufupi wa vidole mara chache sana ndio unaomzuia anayeanza. Watoto wa miaka 8 wanapiga, na vidole vyao ni vifupi kuliko vyako. Kinachofanana na ufupi ni namna ya kukaa. Mwanzo wengi wetu tunalilaza gitaa usoni juu ili tuone tunachoshika, na hapo kifundo cha mkono kinakunjika, vidole vinapoteza nusu ya urefu wao. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, chukua tofali la inchi 6, lilaze chini, weka mguu wa kushoto juu yake, gitaa likae kwenye paja hilo, kichwa chake kikiwa karibu usawa wa bega. Kidole gumba kiwe nyuma ya mpini, katikati, mkabala na kidole cha kati, kama unavyoshika kitambaa kukiingiza chini ya mguu wa cherehani: kinaongoza, hakikabi. Halafu shuka na ncha ya kidole nyuma tu ya chuma cha freti, karibu kabisa kukigusa. Ukibonyeza katikati ya freti mbili unahitaji nguvu kubwa zaidi kupata sauti ile ile. Jaribu uzi mmoja pole pole: gusa, ongeza mbano kidogo kidogo mpaka sauti isafike, usimame hapo. Utashangaa ni nguvu ndogo kiasi gani, na ni nyingi kiasi gani umekuwa ukizipoteza kila siku.

Siki iache jikoni. Inakausha ngozi na kuichubua, wala haijengi ule ugumu unaotakiwa. Ngozi ya ncha za vidole hukomaa kwa kugusa uzi mara nyingi kwa muda mfupi mfupi, na kwa watu wengi ndani ya wiki tatu au nne maumivu ya ngozi huwa yametulia. Ukiichubua, unaanza upya. Usipige mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo, kwa kuwa ngozi iliyolowa hukatika haraka. Na kwa kuwa vidole hivyo ndivyo vinavyokulisha, punguza hiyo saa moja. Ganzi ile ikishashughulikiwa, piga dakika 15 asubuhi kabla hujafungua kazi na dakika 15 jioni. Mikono hujifunza vizuri zaidi kwa vipindi vifupi vinavyorudiwa kila siku, na usingizi wa katikati unafanya sehemu ya kazi hiyo. Utaona mwenyewe: kilichokataa jana usiku kinakubali asubuhi bila wewe kukiongeza chochote.

Umri haujakutupa. Mtoto ana muda mwingi na hana aibu ya kukosea mbele za watu, na hizo ni faida kweli. Wewe una masikio yaliyoimba miaka mingi, una mikono iliyozoea kufanya mambo mawili kwa pamoja, mguu ukikanyaga na vidole vikiongoza. Hilo ndilo gitaa lenyewe.

Sasa F. Nitakwambia jambo ambalo masomo mengi ya simu hayalisemi mapema: huihitaji sasa. Wewe ni mtu wa kwaya, nota za solfa unazijua. Nyimbo nyingi za watoto zinasimama juu ya kodi tatu, ile ya do, ya fa na ya so. Do ikiwa C, fa ni F, na hapo ndipo unapokwama. Hamisha do iwe G. Fa inakuwa C, so inakuwa D, na F imetoka kabisa kwenye wimbo. Kama kwaya inauimba juu zaidi, nunua kapo, kile kibano kidogo kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Kapo ikikaa freti ya 2 na wewe ukashika umbo la G, watoto wanaimba do ikiwa A. Lazima do iwe F? Weka kapo freti ya 5, shika umbo la C, hiyo ni F. Kapo pia inapima gitaa. Ikiwa kodi zinakuwa nyepesi ghafla ukiibana freti ya 1 au ya 2, ujue shida iko kwenye kile kijiti cha juu.

Na siku utakapoitaka F, anza na ndogo. Kidole cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 uache wazi, nyuzi mbili nene usizipige. Ina utamu wake tofauti kidogo, lakini kwenye wimbo inakaa. Baadaye kidole cha shahada kinabana nyuzi mbili badala ya mmoja, na umepata F kamili ya nyuzi nne. Hata ile kubwa ya nyuzi sita, kidole kilicholala kina kazi kwenye nyuzi tatu tu: wa 6, wa 2 na wa 1. Zile za katikati zimeshikwa na vidole vingine. Ukilijua hilo unaacha kukamua mpini kama nguo iliyofuliwa. Kigeuze kidogo kidole hicho cha shahada, kilalie ubavu wake wenye mfupa upande wa kidole gumba, na uvute kwa uzito wa mkono kutoka kwenye kiwiko.

Usidhani F ndogo ni ya kujidanganya. Mji huu umelelewa na bendi za dansi tangu Dar es Salaam Jazz Band ya 1932, ikaja NUTA Jazz mwaka 1964, Mlimani Park Orchestra mwaka 1978, na nyingine nyingi. Sikiliza dansi lolote la zamani kwa makini, ukimwacha mpiga solo aende zake. Tafuta lile gitaa la pili na lile la rithim. Hayabebi kodi nzima za nyuzi sita. Yanabeba vipande vya nyuzi mbili, tatu, kwenye nyuzi nyembamba, kila moja likimwachia mwenzake nafasi, na besi inajaza chini. Ukubwa wa muziki ule unatoka kwenye kupanga, na hakuna anayeshika nyuzi sita kwa nguvu muda wote. Kwaya ya watoto nayo ina sauti zake, gitaa lako halihitaji kuzifunika.

Nimefika kwenye ganzi. Kuna ganzi ya ncha za vidole vya kushoto, ya juu juu, inayokuja kwa sababu ngozi inakuwa ngumu. Hiyo ni ya kawaida. Wewe umeeleza nyingine: kidole gumba, cha shahada na cha kati, usiku, mpaka unaamka. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo na nusu ya cha pete unapita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, na ukibanwa hapo unaleta dalili za namna hiyo hasa, aghalabu usiku, na mtu akikung'uta mkono anapata nafuu. Kazi ya kukunja kifundo na kubana kwa nguvu kwa muda mrefu inauchochea, na wewe unafanya hivyo mchana kwenye mkasi na cherehani, kisha jioni saa nzima kwenye gitaa gumu. Kisukari, ujauzito na matatizo ya tezi ya shingo pia vinaweza kuuleta. Mimi ni mwalimu wa gitaa, siwezi kukupima kwa maandishi, na mkono wako ni mtaji.

Simamisha gitaa wiki mbili, nyuzi zikiwa kwa fundi, na katika wiki hizo nenda ukaonwe na daktari, ukamweleze kazi yako, vidole vipi, saa ngapi, mkono upi. Ukipata rufaa ya fiziotherapia, ifuate. Nenda mapema zaidi, usingoje hata siku, ikiwa ganzi inabaki mchana kutwa, ikiwa vitu vinakudondoka mkononi, au ukiona nyama ya chini ya kidole gumba imepungua ukilinganisha na mkono wa pili. Mshipa uliobanwa muda mfupi hupona vizuri kuliko uliobanwa mwaka. Ukiruhusiwa kurudi, anza na dakika 10, kifundo kikiwa kimenyooka, na maumivu ya kwenye kiungo au msuli yakianza, weka gitaa chini. Ngozi kuwaka kidogo kunavumilika. Kiungo kuuma hakuvumiliwi.

Je, uhamie kitu kingine? Kinanda ni chombo kizuri, lakini kifundo kibovu kitakufuata huko. Gitaa la umeme lina nyuzi nyembamba na za chini, ni laini kweli vidoleni, ila linakuja na spika, waya na umeme, na kwa darasa la watoto chini ya mwembe si rahisi. Ukulele ni wazo la maana kuliko watu wanavyodhani: nyuzi nne za nailoni, kodi ya C kwa kidole kimoja, na maumbo yake ni yale yale ya nyuzi nne nyembamba za gitaa lenye kapo freti ya 5, kwa hiyo hupotezi ulichojifunza. Ila uzito wa sauti za chini hutaupata hapo. Kama daktari atakwambia upunguze mbano kwa miezi, ningechagua ukulele bila kusita. Kama mkono uko salama, ningebaki na gitaa lako, maana gharama ya seti ya nailoni na mkono wa fundi ni ndogo kuliko kununua jingine. Isipokuwa fundi akikuta mpini umepinda vibaya au daraja limeng'oka na mbao. Hapo muulize kwanza ni kiasi gani, kabla hajaanza.

Simu endelea nayo, lakini simu haioni kifundo chako. Tafuta mwalimu wa ana kwa ana kwa vipindi vitatu au vinne tu vya mwanzo, akuone umekaa. Akikwambia mara ya kwanza kwamba vidole ni vifupi, bila kuligusa gitaa lako, mshukuru na utafute mwingine. Yule kijana wa kanisani usimkasirikie. Amekupa alichopewa. Mwombe akuazime gitaa lake dakika tano ulijaribu, na utahisi tofauti mwenyewe.

Krismasi, basi. Leo ni Septemba. Toa wiki mbili za fundi na daktari, zinabaki kama wiki 13. Kwa wimbo mmoja zinatosha, kama daktari hajakuzuia. Chagua wimbo wa kodi tatu, do iwe G. Shika G hivi: kidole cha kati uzi wa 5 freti ya 2, cha pete uzi wa 6 freti ya 3, kidogo uzi wa 1 freti ya 3. Umbo hilo linaonekana gumu kuliko lile jingine, lakini tazama linavyokwenda C: cha kati na cha pete vinahama pamoja uzi mmoja kwenda upande mwembamba, bila kubadili umbali wao, cha shahada kinatua uzi wa 2 freti ya 1, kidogo kinainuka. Fanya hama hiyo tu, bila mkono wa kulia, wiki nzima, ukihesabu ni mara ngapi safi kwa dakika moja. Ukifika 20 ongeza D. Ukifika 20 kwa zote, ndipo uanze kupiga, mpigo mmoja kwa kila hesabu, kwenda chini tu, na uimbe juu yake taratibu kuliko unavyotaka.

Mwezi wa kumi na moja waite watoto wawili, yule mwenye sauti kubwa na yule mwenye sauti ndogo kuliko wote, waimbe ukiwapigia. Yule mdogo akishindwa kufika juu, kapo iteremshe freti moja, au itoe. Do itakayomtosha yeye ndiyo mtakayoimbia Krismasi.